Amur bin Seif na Pangaboi Lisilosimama

Alhamisi hii, tarehe 29 Januari 2026, Bwana Amur bin Seif anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuzipiga picha ndege za vita za kale zinazofufuliwa katika karakana yetu hapa Sib. Wengi mnazijua picha zake. Zimo ukumbini, zimo kwenye kalenda zetu, na kila aliyewahi kushika spana hapa anayo moja nyumbani. Asiyemjua mwenyewe atamkuta siku hiyo karibu na sahani ya halwa.

Kazi yake ukiisimulia watu hudhani umeota. Ndege mbili hupaa pamoja. Moja ni ya kale, na hiyo ndiyo bibi harusi. Nyingine ni ndogo ya kawaida, imeondolewa mlango, na Ami Amur, kama tunavyomwita, hukaa kwenye uwazi ule amefungwa mikanda, miguu inaning'inia juu ya milima. Hapo hungoja. Ndege ya kale husogea taratibu, taratibu, mpaka anaona ukope wa rubani.

Neno bibi harusi ni lake. Alipokuwa kijana alipiga picha za harusi kwenye studio moja ya Ruwi, na kwetu aliitwa kwa siku moja tu, kwa sababu mpiga picha tuliyemkodi aliugua. Aliitazama ile ndege kuukuu, kisha akawaomba mafundi wamgeuze uso kidogo, jua linamuumiza. Mafundi walicheka, lakini wakaisukuma. Picha ilitoka na ndege inaonekana ina haya. Studio hakurudi tena.

Safari yake ya kwanza angani ilimgharimu kofia. Ilikuwa kofia ya viua, aliyoshonewa na mkewe, Bi Nasriya, kwa miezi mingi. Walipofika juu ya Bustan, kule pwani, upepo uliingia mlangoni ukaichukua, nayo ikaelea kuelekea baharini kama inayojua iendako. Bi Nasriya aliposikia alisema maneno machache: "Mie sishoni kofia ya upepo." Tangu hapo Ami amevaa za dukani. Evans, rubani wa ndege ya kamera, Mkenya asiyeacha mzaha, kila wakipita Bustan humwita kwenye redio: "Mzee, nimeiona kofia yako, imevaliwa na samaki!" Naye humjibu, "Hongera zake. Mie mpaka leo sijapata nyengine."

Jambo alilolishikilia kuliko yote ni pangaboi, lile panga linalozunguka puani mwa ndege. Katika miaka ya mwanzo alimpelekea mama yake picha aliyoipenda sana, ndege iko juu ya mawingu, kila kitu kikali na safi. Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa huruma, "Na yule kijana, waliwahi kumuokoa?" Kamera ilikuwa imeharakishwa, na pangaboi, lililokuwa likizunguka kwa nguvu, lilionekana limesimama kimya. Kwa mama yule, ndege ilikuwa imezimika na inaanguka. Ami alicheka, lakini hakuitundika picha hiyo. Alijifunza kuipa kamera muda, ili pangaboi lichore duara lake. Ukiipa kamera muda, hata pumzi yako huitikisa ikatia ukungu kwenye picha, kwa hiyo katika picha nyingi hupona moja. Hiyo moja ndiyo aliyotuletea sikuzote.

Halafu kuna mwendo wa ardhini. Hakuna aliyewahi kuruka na Ami Amur bila kwanza kuitembea safari nzima uwanjani kwa miguu. Walio mbele ni ndege ya kamera, walio nyuma bega kwa bega ni ndege ya kale. Wanakata kona pamoja, wanapanda, wanashuka, watu wazima wamenyoosha mikono kama watoto, na wageni wa karakana wanatoa simu zao. Marehemu mume wangu, Saud, fundi wa injini, ndiye aliyeutia mwendo huo sauti. Alinguruma kwa mdomo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wijdan, rubani wa ndege zetu za kale, alikuwa akimwomba apunguze moto kidogo. Saud alimjibu kwamba injini ya zamani haipunguzwi, hubembelezwa.

Kazi ya mwisho ya Saud ilikuwa Provosti, ndege ndogo ya vita yenye viti viwili ubavu kwa ubavu. Ilikuja kwetu kutu tupu, na ndani ya bomba lake moja mlikuwa na kiota cha shore. Ami alimwahidi kwamba ataipiga picha ikiwa hai angani, na Saud akiwa kiti cha kulia. Saud alifariki Ramadhani iliyopita. Injini ilikuwa tayari, mabawa bado.

Provosti iliruka mwezi Desemba. Siku hiyo Ami aliogopa mno kuikosa, na yeye aliyetufundisha sote subira akafanya haraka. Picha zilitoka kali, kila skrubu inahesabika, na pangaboi limesimama. Sisi ofisini tulifurahi, tukaiandaa moja kwa ukumbi. Akaja akaichukua. Alisema ndege ya Saud haitundikwi imekufa. Lakini Februari hii inayokuja Provosti ni lazima ifunguliwe kwa ukaguzi mkubwa, na itakaporuka tena yeye atakuwa ameshastaafu. Ikapatikana ruhusa ya safari moja tu.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi iliyosafishwa na mvua, waliutembea mwendo. Ami na Evans mbele, Wijdan nyuma, na kuliani kwake hapana mtu. Zilisikika soli za viatu tu. Katikati ya uwanja Ami akasimama.

"Ndege hii haina injini," alisema. "Nitaipigaje picha, nayo imezimika?"

Basi yeye mwenyewe, na ndevu zake nyeupe, akajaza mashavu akaanza kunguruma. Ilitoka vibaya, kama chungu kinachochemka.

"Mzee, hiyo ni bodaboda!" Evans alimwambia, kisha naye akaanza. Wijdan akafuata, anacheka na kufuta macho. Na mlangoni mwa karakana, mahali nilipokuwa nikingoja na chai, ulisikika mngurumo wa nne. Walirudi mwanzo, wakautembea upya wote wakinguruma.

Picha iliyopona siku hiyo itatundikwa ukumbini Alhamisi. Milima imelala chini ya ukungu mwembamba, bahari iko mbali na imetulia, na Provosti imeelea katikati kana kwamba hakuna anayeihimiza. Pangaboi ni duara la nuru. Wijdan haitazami kamera. Ameelekeza uso kwenye kiti cha kulia, na mdomo wake uko wazi. Alipoulizwa alikuwa akisema nini kule juu, alijibu kwamba hakuwa akisema kitu. Alikuwa bado ananguruma.

Ami Amur, kwa niaba ya karakana nzima, na kwa niaba ya mmoja aliyetangulia, tunakushukuru kwa kutuonyesha kazi yetu ikiwa hai. Nenda ukapumzike nyumbani kwako Sib, uamke bila kuutazama upepo, na Mungu akupe afya ya kuja kutusumbua tukupikie chai. Bi Nasriya ametutumia salamu kwamba kofia ameshaianza, na viua vimefika nusu. Ameweka sharti moja: ivaliwe ardhini tu.

Rahila, Ofisi ya Maonyesho