Sybil Hallam na Mpira wa Ashcombe

Marehemu Sybil Maud Hallam alizaliwa tarehe 14 Machi 1884 mjini Ludlow, Shropshire, binti pekee wa Kasisi Augustus Thirkettle na mkewe Lavinia. Kaka zake watatu walikosa mtu wa nne wa kucheza naye tenisi uani, wakamkabidhi raketi akiwa na miaka saba. Haukupita muda wakajuta, maana aliwafunga wote.

Alisoma shule ya bweni mjini Hereford hadi mwaka 1901. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kuimba na kubishana hakuwa na mpinzani.

Kuanzia 1903 alishiriki mashindano ya kila kiangazi, akikimbia na sketi iliyofagia nyasi. Enzi hizo, muungwana aliyependelewa na mwamuzi kimakosa aliupiga mpira uliofuata wavuni makusudi, ili haki irudi. Sybil hakuacha kufanya hivyo hata mara moja. Mwaka 1909, katika fainali ya Ashcombe, mpira wa mpinzani wake, Hester Blandamer, ulitua mstarini, chokaa ikaruka, mwamuzi akasema umetoka. Ilikuwa pointi ya mwisho. Sybil akawa bingwa, na hapakuwa na mpira mwingine wa kurudishia haki. Alipomlalamikia mwamuzi alijibiwa, "Nimeshasema, binti." Akamwambia Hester wakipeana mikono, "Mpira wako ulikuwa ndani." Hester akatabasamu tu. Magazeti yakamsifu Hester kwa uvumilivu wake, naye Sybil hakushindana tena.

Tarehe 8 Juni 1912 aliolewa na Mwalimu Cuthbert Hallam, wakajaliwa watoto wawili. Kila kiangazi dhamiri ilimsuta upya, na mumewe akawa na jibu lake: "Mke wangu, mwenzio keshasahau. Kunywa chai, inapoa." Mwalimu alifariki mwaka 1943.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana. Septemba hii Hester alikuja kumjulia hali, na kikapu cha matunda ya plamu mkononi.

"Hester, nilikudhulumu."

"Ulinidhulumu nini?"

"Ashcombe. Mpira wako ulikuwa ndani."

"Mama wee! Bado tu? Sybil, mpira ule ulidunda mara mbili kwangu kabla sijaupiga. Pointi ilikuwa yako, utue mstarini, utue kanisani."

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka kusema. Lakini watu walinihurumia, mwenzangu, nikanogewa."

"Miaka yote hii, mwanamke wewe!"

"Basi nipige kwa huo mto unaoegemea."

Sybil akampiga kweli. Binti yake alikuja mbio kutoka jikoni akidhani mama kazidiwa, akawakuta wanacheka huku machozi yanawatoka.

Sybil alifariki nyumbani usingizini tarehe 9 Novemba 1951. Familia ina huzuni, lakini haifichi kwamba imefarijika: mama ameondoka mwepesi.

Ameacha watoto wawili, Rosamund na Gilbert, wajukuu wanne, na Hester, ambaye marehemu aliagiza aketi leo pamoja na familia.

Apumzike kwa amani Sybil Hallam, bingwa halali wa Ashcombe.