Marcelino Luambano na Watu wa Miaka Laki Moja Ijayo

Wapendwa waombolezaji, habari za watu wa miaka laki moja ijayo, ambazo wengi wenu mlizisikia kwa utani pale Kariakoo, mimi niliambiwa kwanza na marehemu mwenyewe, baba yangu mzazi, Marcelino Ansbert Luambano, siku ya Jumatatu tarehe 9 Januari 2017, asubuhi niliposhuka naye stoo kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na sita. Aliyetakiwa kusoma historia hii ni kaka yangu mkubwa, Ansbert, lakini amesema nisome mimi, Jovitha, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na baba kule chini, kwa hiyo naomba mnivumilie, sijazoea kusema mbele za watu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1962 katika kijiji kilicho jirani na Peramiho, mkoani Ruvuma, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba. Alisoma shule ya msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akapenda sana somo la sayansi, lakini hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akabaki kulima na wazazi wake mpaka Julai 1984 alipokuja Dar es Salaam na kuanza kubeba mizigo sokoni Kariakoo.

Tarehe 4 Oktoba 1993 aliajiriwa na Bwana Heriel, ambaye yupo nasi hapa, kuwa mtunza stoo katika duka la jumla la madaftari na vitabu vya shule, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Wakati ule stoo ilikuwa chumba cha uani chenye dirisha, lakini mwaka 2006 nyumba ile ilivunjwa, likajengwa ghorofa, na stoo ikahamia chini ya ardhi, ngazi kumi na tisa kutoka mtaani. Kwa kuwa ngazi zile zinatumiwa na maduka yote, na mali iliwahi kuibwa, utaratibu ukawa kwamba mtunza stoo akishaingia mlango wa chuma unafungwa kwa nje kwa kufuli, ufunguo anakaa nao Bwana Heriel, na unafunguliwa mzigo unapotakiwa au saa ya kula. Aliye ndani akihitaji chai hugonga mlango, na dada Sitara, anayeuza chai pale juu, hushuka na kuweka kikombe kwenye uwazi ulio chini ya mlango, mtu akanyoosha mkono na kukichukua. Marehemu alifanya kazi hivyo miaka kumi na tisa, na mimi pamoja naye miaka minane.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na mama yetu Severa tarehe 24 Novemba 1990, wakajaliwa watoto wanne, mimi nikiwa wa mwisho, na wajukuu sita. Mama anasema baba alipomposa alimwahidi nyumba yenye madirisha manne, na vyumba viwili tulivyopanga hapa Buguruni vina madirisha mawili, kwa hiyo kila walipogombana mama alimwambia, "Nusu ya mahari yangu bado iko ukutani."

Stoo kulikuwa na vitabu vingi vya sayansi, na mlango ukiwa umefungwa baba alivisoma vyote, akavirudia. Alisoma habari za samaki wa mapangoni ambao, baada ya vizazi vingi gizani, hawana macho, akaanza kujiuliza watu wanaoishi kama sisi watakuwaje miaka laki moja ijayo. Alisema watakuwa na macho makubwa kama ya komba, ngozi nyembamba, na miguu mifupi kwa kuwa hawana pa kwenda. Wapagazi walimwita Mzee Laki Moja, wakawa wakija kuchukua maboksi wanamuuliza, "Mzee, hao watu wako watakuwa na vitambi?" naye anawajibu, "Ninyi kizazi chenu hakitakuwa na shingo, maboksi yatakaa vizuri zaidi." Hakuwa mtu wa kupinga dini, na alisali kila Jumapili, ila alisema Mungu hajaweka kalamu chini.

Mwaka 2022 Mwalimu Robert, anayefundisha baiolojia na kununua vitabu pale dukani, alimrekebisha. Alimwambia, "Mzee wangu, mwili haubadiliki kwa sababu unatumika au hautumiki. Watu huzaliwa wakitofautiana kidogo, na wale wanaoiweza hali iliyopo ndio wanaoishi na kuzaa, basi wanaofuata wanafanana na wao." Baba akasema, "Kwa hiyo watakaobaki si wenye macho makubwa. Watakaobaki ni wale wasiosumbuliwa na kufungiwa." Tangu siku hiyo hakutania tena juu ya jambo hilo.

Mwanangu Aaron alizaliwa tarehe 2 Februari 2024, na alipofikisha miezi mitatu nilianza kushuka naye, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumwachia, nikawa namlaza kwenye boksi la madaftari nililotandika kanga. Aaron ni mtoto mtulivu, na kila mtu alimsifu, lakini baba kila kufuli lilipofungwa alimtazama usoni, akisubiri alie, na hakulia. Tukitoka nje juani ndipo anapolia na kuficha uso begani kwangu. Siku moja baba aliniuliza, "Jovitha, wewe katika miaka yote hii umewahi hata mara moja kutaka mlango ufunguliwe?" Nilimwambia nimeshazoea. Akasema, "Ndicho ninachokiogopa. Mimi nimekuzaa hivyo, na wewe umemzaa hivyo, na laki moja inaanza na watatu." Mwezi Aprili mwaka huu alimwomba Bwana Heriel kufuli liondolewe, akajibiwa kwamba suala hilo litaangaliwa.

Marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu mwaka 2019, akawa anatumia dawa na kuhudhuria kliniki bila kukosa. Siku ya Jumanne tarehe 17 Juni 2025 alishuka kazini kama kawaida, mimi nikiwa nimempeleka Aaron kupimwa uzito, na Bwana Heriel alikuwa amekwenda Kivukoni kufuatilia mzigo, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Kabla ya saa tano asubuhi baba aligonga mlango. Dada Sitara alisikia, akashuka, akaweka chai kwenye uwazi, akasema, "Mzee, leo nimekuzidishia tangawizi," akapanda kuwahudumia wateja. Aligonga tena, naye akaita kutoka juu, "Mzee, si nimeshakuletea!" Bwana Heriel aliporudi na kufungua, saa sita kasorobo, chai ilikuwa bado ipo pale pale imejaa, na baba amelala kifudifudi nyuma ya mlango. Alikimbizwa hospitali, na madaktari wakathibitisha kuwa ameshafariki, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Dada Sitara, familia inakuomba usiendelee kujilaumu, ulifanya kile ambacho kugonga kule kulimaanisha siku zote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu tangu mwaka 2019, majirani wa hapa Buguruni waliotupikia na kutuazima viti, wapagazi wa Kariakoo waliokesha nasi, Mwalimu Robert, na Bwana Heriel aliyetoa jeneza pamoja na gari la kumpeleka marehemu Peramiho.

Yapo maneno machache ambayo sikumwonyesha mtu nilipoyaandika. Jioni ile ya msiba Bwana Heriel alimwambia mama kwamba kazi ya baba ni yangu, nianze baada ya mazishi, na mama alishukuru, kwa sababu nyumba hii haina mtu mwingine mwenye mshahara. Kesho yake asubuhi, Jumatano, nilimbeba Aaron nikaenda dukani kabla halijafunguliwa, nikamsubiri Bwana Heriel mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa pole, akaanza kuniambia habari za mzigo wa Julai, nami nikamkatiza, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima. Nilimwambia kwamba kazi naihitaji, lakini mlango ukifungwa kwa nje sitashuka, wala mimi wala mwanangu. Akasema, "Jovitha, hata wewe?" Nikasema, "Ndiyo, baba, hata mimi." Alitazama kufuli, akatazama saa yake, akaingia dukani, nami nilisimama pale kwenye jua mpaka Aaron alipoacha kulia, halafu nikarudi nyumbani. Leo ni Ijumaa, na bado sijajibiwa.

Baba, nenda ukapumzike kwa amani.