Homa Isiyo na Joto

Mgeni rasmi, Sheha wetu, madaktari wetu, na nyote mliofika hapa Chokocho, assalaamu alaykum.

Sisi mabibi wa kijiji hiki tunakupokea kwa furaha isiyokaa kifuani. Tangu alfajiri hakuna aliyekaa kitako. Kwetu mgeni hutegwa kabla hajapewa maji, basi kitendawili! Mgeni kaingia nyumbani, mlango haukufunguliwa, mwenye nyumba hana habari, aliyelala ndani ndiye anayeumizwa. Ukishindwa, utatupa mji.

TULIKOTOKA

Mwaka juzi Shamima, ambaye mwenyewe kataka tumtaje, alipimwa kliniki na mimba yake, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini. Mkwewe, Bi Mwatum, akambandika kiganja kwenye paji la uso.

"Homa gani hii? Mtoto yu baridi kama mtungi!"

Sote tukaangua kicheko. Kwetu homa ni joto. Pasipo joto, hapana homa. Jina lile lilitupoteza, hata binti zetu tukawazuia kupima, eti wazima.

Shamima hakucheka. Alimrudia Nesi Rawya, akauliza neno moja: "Na huyu wa tumboni?"

"Anaweza kuambukizwa humo humo, na zaidi wakati wa kuzaliwa," Rawya akamjibu. "Kirusi hiki hakipigi hodi, bibie. Lakini wewe utakunywa dawa, na mtoto tutamchanja siku hiyo hiyo anayozaliwa."

TULIYOYAPATA

Dawa akanywa. Uchungu ulipomshika asubuhi, chanjo iko Chake Chake! Ikaja kwa pikipiki ndani ya kisanduku cha baridi, na mtoto akachanjwa kabla jua halijatua. Chanjo zilizofuata pia alizimaliza. Mwezi uliopita mtoto huyo, Hamzah, kapimwa damu: hana virusi! Vigelegele vyetu, sijui vilifika wapi. Na Bi Mwatum sasa ndiye anayezunguka milangoni: "Usishike paji, mwanangu, nenda kapimwe damu!"

KINACHOTUKWAZA

Kituo chetu hakina friji la chanjo. Siku ile pikipiki ilikuwepo na mvua haikuwepo. Siku nyingine je? Nadhira, yule pale mbele mwenye kanga ya manjano, ana virusi hivyo hivyo, naye keshaingia mwezi wake wa kujifungua. Ametutuma maneno haya: "Msiniombee huruma. Niombeeni baridi."

OMBI LETU

Mgeni rasmi, umekitegua? Kama bado, toa mji. Hatutaki Makka wala Maskati. Mji wetu ni friji moja la chanjo, linalotumia jua umeme unapokatika, na lije kabla ya mtoto wa Nadhira.

Na jibu ndilo hili: nyumba ni mama, aliyelala ni mtoto, mgeni ni kirusi. Tumeshamjua, tusaidie kumfungia njia.

Mwenyezi Mungu akurudishe kwako salama, akuhifadhie ini na moyo. Siku ya arubaini ya mtoto huyo, wali wako uko hapa, uje umpakate.

Ni sisi, Mabibi Walezi wa Chokocho,
kwa sauti ya Bi Mize.