Usukani Mapajani

Mwaka ule wa Azimio, mzee mmoja alipanda basi letu Butiama akiwa amekumbatia usukani. Mama aliyeketi naye hakuweza kunyamaza. "Baba, na gari yenyewe iko wapi?"

"Iko nyumbani. Ni spoti kuukuu, gari ya mbio, aliniachia meneja wa pamba aliporudi kwao Ulaya. Loki ya usukani imekwama, ufunguo hauzunguki. Nampelekea fundi wa Musoma, maana Jumamosi inambeba binti yangu kwenda kufunga ndoa."

"Lakini loki haiko hapo, iko kwenye bomba ulikochomoa huo usukani! Marehemu mume wangu alikuwaga dereva wa lori. Uliiegesha vipi?"

"Mteremkoni. Nilikunja magurudumu yakaegemea jiwe, kama tunavyofanyaga na mkokoteni."

"Ndiyo hapo! Jiwe linasukuma gurudumu, gurudumu linabana loki. Irudisheni gari nyuma kidogo tu, ufunguo utazunguka."

Mzee aliugeuza usukani mapajani. "Sawa, mama. Lakini usukani nikiwa nao mimi, mwizi ataipelekaje?"

"Na bibi harusi je, atapelekwaje?"

Basi likasimama Bweri, mama akashuka akicheka. Mzee alibaki ameushika usukani kwa mikono miwili, akitazama barabara kwa utulivu ambao dereva wetu hakuwa nao.