Mama Geti na Vidole vya Mjomba

Ninayesoma wasifu huu ni kitindamimba wa marehemu. Kikao cha familia kiliniomba niiondoe aya ya mwisho. Sikuiondoa. Imeshachapwa, mnayo mikononi.

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika chumba cha nyuma cha duka la cherehani la baba yake. Aliyemfuata, wa pili na wa mwisho, ni mjomba wetu, mnayemjua wote kama Kocha. Mama alimbeba mgongoni mpaka wapita njia wakadhani ni mwanawe.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na stesheni ya reli, kisha chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1977. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kituo cha watoto yatima. Hapo palikuwa na mlezi mmoja, mcheshi, kipenzi cha kila mtu. Alipohamia mji mwingine, na barua nzuri ya sifa mfukoni, watoto wa bweni lake wakaacha kukojoa kitandani. Wote, mwezi huohuo. Mama ndiye aliyekuwa akianika magodoro, kwa hiyo ndiye aliyegundua. Alitusimulia mara moja tu, akalia, hakurudia tena.

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi seremala, tarehe 4 Agosti 1984. Januari 1989 akafungua chekechea katika vyumba viwili vya mbele vya nyumba yetu. Sharti lilikuwa moja: hakuna mtu mzima atakayekaa na watoto kabla ya kuchukuliwa alama za vidole, kuleta cheti cha tabia njema kutoka polisi, na kuulizwa habari zake kule alikotoka. Wakati huo sheria haikumlazimisha mtu. Alianza yeye mwenyewe, akarudi na wino kwenye kucha. Cheti cha Baba kilichelewa, basi muhula mzima, watoto wakishaingia, Baba anatolewa nje na randa yake, anatengeneza viti barabarani, mbele ya nyumba yake mwenyewe!

"Fundi, umefukuzwa?" majirani wakamuuliza.

"Sijafukuzwa. Nasubiri majibu ya vidole vyangu."

Tangu hapo watoto wakamwita Mama Geti, na jina likamkaa.

Mwaka 2009 Kocha alikuja kuomba kufundisha michezo. Mama alifurahi sana, akachukua mkoba, akamwambia twende polisi sasa hivi. Mjomba akaja juu.

"Mimi wa tumbo moja na wewe, unanipima vidole kama mwizi?"

"Vya mume wangu vimepimwa. Vyako ni vya dhahabu?"

Mjomba aligoma, na ukoo mzima ukampa Mama kisogo. Harusi zilimpita. Msiba wa shangazi alikuja kuusikia sokoni. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Mlisema anamdhania ndugu yake mabaya. Jamani, hakuwa na baya lolote alilolijua juu yake. Wala mimi sina. Hakujua, ndiyo maana aliuliza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hata wodini hakutulia. Alimwona bwana mmoja wa kujitolea akienda kucheza na watoto wa wodi ya pili, akajikokota na dripu yake mpaka mlangoni: "Baba, samahani, umesajiliwa wapi?" Yule bwana akaonyesha kitambulisho, Mama akampigia makofi. Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 11 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baba.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake wa pekee, ambaye Mama hakuacha kumngoja.

Sasa ile aya. Kikao kimesema kwa kuwa Mama hayupo, Kocha ashike shule, na haya mambo ya vidole yaishe. Hayaishi ng'o! Funguo za geti ninazo mimi, na vidole vyangu vilishapimwa. Mjomba, nakupenda. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha baiskeli. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa nje ya kituo cha polisi, nakusubiri. Ukija, tutaingia shuleni pamoja, na nitakukabidhi filimbi mwenyewe. Usipokuja, huingii.

Lala kwa amani, Mama. Geti nimelifunga.