Dada Aliyeandika Yaliyosikika Nyuma ya Pazia

Ndugu, jamaa na marafiki mliokusanyika, historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, ambaye naye ni mwandishi wa hadithi, ingawa wengi wenu mnalisikia hilo leo.

Marehemu dada yetu, tuliyemwita Msumari, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, mdogo wake akafuata miaka miwili baadaye, wakalala kitanda kimoja, wakitenganishwa na kitanda cha wazazi kwa pazia tu. Alimaliza sekondari mwaka 1979, kwa alama nzuri kuliko za mdogo wake, na Januari 1981 akaajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, kazi yake kusahihisha vitabu vya wenzake, akiwarudishia waandishi kurasa alizoandika pembeni, unamwogopa nani?

Aliolewa tarehe 14 Juni 1986 na fundi mitambo wa kiwandani hapo, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1994 alitoa riwaya ya baba anayempiga mama, na watoto wanaojifanya wamelala, ukoo ukawaka moto, wajomba wakamsusa, shangazi akakichana kitabu mbele za watu, kisha akatuma anunuliwe kingine ajue kiliishaje, na wanawake tusiowajua wakaja mlangoni kumshika mkono. Mdogo wake, aliyesikia yaleyale kutoka kitanda kilekile, alikwishatoa vitabu saba vyenye adabu, na wivu ukamshika, haujamwachia hata sasa, maana alipouliza vitabu vyake vina kasoro gani, marehemu alimjibu kwamba havijawahi kumuudhi mtu.

Kikao cha familia kiliagiza isomwe kwamba aliugua kwa muda mfupi. Marehemu aliugua ini kwa miaka sita, kwa sababu ya pombe aliyoinywa kwa kujificha, akafariki tarehe 2 Agosti 2019, wodi ya wanawake, akiwa ameyaandika mwenyewe maneno hayo ya ini na pombe, na kumsisitizia mdogo wake ayasome hivyohivyo, asimpake poda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani. Minong'ono yenu tunaisikia, wajomba, na mdogo mtu amengoja maisha yake yote watu wamgeuzie shingo kwa alichokisoma, leo mmegeuza, na bado maneno si yake.

Pumzika kwa amani, dada, hata hapa umenishinda.