Mama Dakika na Sufuria Isiyoanzia Baridi

Miaka thelathini na mmoja, na wa mwisho unaisha Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Muda wote huo dada yetu wa chumba cha kupikia sabuni, Mama Dakika, amesimama mbele ya sufuria namba mbili, kipimajoto mkono huu, daftari mkono ule.

Jina tulimpa sisi, kwa kumcheka. Kila dakika anasoma joto, anaandika. Joto la dakika ijayo analipata kwa joto la sasa na mvuke aliouingiza sasa hivi, basi. Wasomi wanauita mlinganyo wa tofauti. Sisi tuliuita ushamba.

Mimi, fundi wa vipimo, nilirudi kutoka kozi ya wiki mbili kichwa kikubwa kuliko hiyo sufuria. Nilikuja na transfa fankisheni: fomula ya mstari mmoja, unaingiza mvuke huku, joto linatoka kule, hakuna kuhangaika na dakika. Nikaibandika ukutani. Mama Dakika akaisoma, akauliza, "Mdogo wangu, hii inajua sufuria imeanza na joto gani?"

"Dada, hizo ni hesabu za kisasa," nikamjibu. Chumba kizima kikacheka, na swali likafia hapo.

Jibu ni kwamba haikujua. Niliipanga kana kwamba sufuria imepoa na kutulia. Asubuhi ilifanya kazi safi, nikawa natembea kama bwana harusi. Mchana mmoja umeme ukakatika, ukarudi baada ya robo saa. Sabuni bado ya moto, mimi nikafungua mvuke kwa fomula. Sabuni ikafurika mpaka nje ya mlango. Meneja alikuja mbio, akateleza, akatupita akiwa amekaa chini, akaenda kukomea kwenye mizani.

Alipoinuka akauliza hizo hesabu ni za nani. Nikasema ni za daftari la dada. Kwa mdomo wangu huu. Mama Dakika alijitetea, hakuna aliyelifungua hilo daftari. Akapewa barua ya onyo, na ukuu wa zamu aliokuwa aupate nikapewa mimi. Nimeukalia miaka tisa.

Wiki iliyopita alinikabidhi madaftari yake. Nikatafuta siku ile. Saa nane na dakika kumi: "Joto themanini na moja. Mdogo wangu anaanzia baridi. Nimemwambia." Mistari inaendelea, dakika kwa dakika, hadi: "Meneja amepita."

Jumatatu nilimpelekea meneja ukurasa huo. Barua ya dada imetoka kwenye faili, yangu imeingia, na zamu ina mkuu mwingine. Fomula bado iko ukutani, kwa asubuhi tu, sufuria ikiwa baridi. Mchana tunafuata daftari.

Dada, asante, na unisamehe. Ile miaka tisa siwezi kuirudisha. Pumzika vizuri, na kila kesho yako ianzie pale ulipo kweli.